Visa Vilivyozaliwa na Maneno Magumu

Mwaka 1553 Mwingereza aitwaye Thomas Wilson alichapisha kitabu cha kufundisha ufasaha wa kusema, na ndani yake akatia barua ya kuchekesha. Mwenye barua, kwa maelezo ya Wilson, ni mtu wa Lincolnshire, jimbo alikozaliwa Wilson mwenyewe, naye anaomba nafasi ya ukasisi iliyobaki wazi. Ombi kama hilo lingetosha kwa mistari mitatu. Yeye analizungushia maneno ya Kilatini yaliyovishwa miisho ya Kiingereza, moja juu ya jingine, mpaka msomaji anasahau ni nini kinachoombwa na nani anayeombwa. Kwangu mimi hapo ndipo ulipoanza utamaduni ambao nimeufuata kwa mapenzi miaka yote ya ualimu wangu: kuchukua maneno ya ajabu ya Kiingereza na kuyatungia kisa.

Nimefundisha Kiingereza katika shule za sekondari mjini Tanga, na barua hiyo niliwasomea wanafunzi wa kidato cha tano mwaka baada ya mwaka. Kila mara niliandika ubaoni maneno kutoka ndani yake: revolute, ingent, obtestate, kisha mundane, celebrate, dexterity. Matatu ya kwanza yamekufa. Matatu ya mwisho yamo humo humo kwenye mzaha, na leo anayatumia mtu yeyote anayesoma gazeti la Kiingereza. Wasomaji wa Wilson waliyacheka yote sita kwa kicheko kimoja, kwa sababu kwao yote yalikuwa mageni sawasawa. Hakuna aliyeweza kuona lipi litapata uraia na lipi litafukuzwa.

Waingereza wa zama hizo waliyaita maneno hayo ya pembe ya wino, kwa kuwa wino uliwekwa ndani ya pembe ya mnyama na mwandishi aliyatoa humo kwa wingi kuliko ilivyohitajika. Kiingereza kilikuwa kinabeba mambo ambayo awali yalisemwa kwa Kilatini: tiba, sheria, elimu ya dini, falsafa. Wengine waliona bora kukopa. Wengine, kama John Cheke aliyefundisha Kigiriki Cambridge, walitaka lugha ijitosheleze. Cheke alipotafsiri Injili ya Mathayo alikataa neno la Kilatini la ufufuo akaunda gainrising kutokana na mizizi ya Kiingereza, na akida wa askari mia akamwita hundreder. Wenzangu waliowahi kubishana kuhusu istilahi tangu Baraza la Kiswahili lilipoanzishwa mwaka 1967 watamwelewa Cheke bila kuelezwa. Maneno yake hayakushika. Yalikuwa na mantiki nzuri, lakini watu walikuwa wamekwisha kuzoea kuyasema yale mengine kanisani.

Chini ya mzaha wa Wilson kulikuwa na hofu. Mtu ambaye hakusoma Kilatini aliingia kanisani, mahakamani, hata katika duka la dawa, akasikia neno lisilomwambia kitu, akanyamaza ili asiaibike. Robert Cawdrey, mwalimu na kasisi aliyenyang'anywa parokia yake, alitoa mwaka 1604 kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza, maneno karibu 2,500, akisema wazi kwamba ni kwa wanawake na watu wasiosoma sana. Henry Cockeram akafuata mwaka 1623, na yeye akafanya jambo la ajabu zaidi. Sehemu moja ya kamusi yake inafafanua maneno magumu kwa mepesi, na nyingine inageuza mepesi kuwa magumu, ili mtu anayetaka kuonekana msomi achukue neno la nyumbani na kulibadilisha. Mna humo kitenzi bubulcitate, maana yake kulia kama mchunga ng'ombe. Nina shaka kama kuna mchunga ng'ombe yeyote aliyewahi kuambiwa anafanya hivyo.

Shakespeare aliyajua haya yote. Katika tamthilia yake moja iliyochapishwa mwaka 1598 kuna mwalimu wa shule anayejaza kila sentensi Kilatini, na karibu naye yupo mtu wa chini, Costard, anayelitoa mdomoni neno moja lenye herufi 27, honorificabilitudinitatibus. Ni Costard analisema, wala si mwalimu. Neno refu kuliko yote lilipewa mtu asiyesoma, naye analitamka bila kukosea, na watazamaji waliosimama uwanjani walilipata pamoja naye.

Lakini kisa ninachokipenda kupita vyote kilikuja karibu miaka mia mbili baada ya Wilson, na kilitungwa kwa ajili ya kumshinda mtu mmoja.

Mtu huyo alikuwa Charles Macklin, mwigizaji kutoka Ireland. Mwaka 1741 aliigiza Shylock, Myahudi wa *Mfanyabiashara wa Venisi* ya Shakespeare, katika ukumbi wa Drury Lane. Kabla yake nafasi hiyo ilichezwa kama ya mchekeshaji. Yeye akaifanya ya mtu mzima mwenye hasira na sababu zake, na London nzima ikamjua. Alikuwa mkali hata nje ya jukwaa. Mwaka 1735 aligombana na mwigizaji mwenzake kwa ajili ya nywele za bandia, akamchoma fimbo jichoni, na yule akafa. Mwishoni mwa 1753 aliaga jukwaa, na mwaka uliofuata akafungua nyumba ya chakula na vinywaji Covent Garden. Saa ya chakula ilipofika, Macklin mwenyewe aliongoza msafara wa wahudumu, akaweka sahani ya kwanza mezani, akainama. Baada ya chakula ndipo alipoanza kilichomtoa jasho hasa: mihadhara juu ya usemaji, tamthilia na mambo ya kale, ikifuatwa na mjadala ambao hata wanawake waliruhusiwa kuhudhuria. Mradi wote uliitwa British Inquisition. Kufikia mwanzoni mwa 1755 alikuwa amefilisika.

Miongoni mwa waliokuja kumsikiliza, na kumsumbua, alikuwamo Samuel Foote. Huyu alizaliwa Truro, Cornwall, na kipaji chake kilikuwa kuiga watu: sauti, mwendo, namna ya kukohoa. Sheria ya mwaka 1737 ilizuia maonyesho ya tamthilia katika kumbi zisizo na kibali, basi mwaka 1747 Foote akatangaza kwamba anawaalika marafiki kwa kinywaji cha chokoleti, baadaye chai. Walionunua tiketi waliketi, na Foote akawaigizia. Mtu wa namna hiyo hawezi kukaa kimya mbele ya mhadhiri anayejigamba.

Inasimuliwa kwamba jioni moja Macklin alizungumzia kumbukumbu, akadai kuwa ameizoeza yake mpaka anaweza kurudia chochote kwa kukisikia mara moja tu. Foote akachukua kalamu. Akaandika kisa kifupi, akampelekea, akamwomba akisome mara moja na kukirudia. Macklin alikataa kujaribu.

Ndani ya kisa hicho mna mwanamke aliyekwenda bustanini kutafuta jani la kabichi, nalo lilikuwa la kutengenezea pai ya matufaha. Hapo hapo anatokea dubu jike njiani, anachungulia duka, na pana suala la sabuni. Mtu mmoja anakufa. Mwanamke anaolewa na kinyozi. Harusini wanafika viumbe wanaoitwa Joblillies na Garyulies, ambao hakuna kamusi iliyokuwa imewataja, na juu yao wote Panjandrum mkuu mwenye kifungo kidogo cha duara utosini. Wanacheza hadi baruti inavuja viatuni. Kisa kimekwisha.

Kwa muda mrefu niliamini kama wengi kwamba ugumu wake uko katika yale maneno ya kubuniwa. Nilipoanza kukitumia darasani nikaona kwamba maneno hayo ndiyo yanayobaki. Kila mwanafunzi alikumbuka Panjandrum. Kila mmoja alikumbuka kifungo. Waliyopoteza ni yale mepesi kabisa: ni nani aliyekufa, dubu alitokea kabla au baada, kinyozi aliingiaje. Nikadhani Kiingereza kinawatatiza, nikakigeuza kwa Kiswahili, nikakisoma tena kwa darasa jingine. Matokeo yale yale. Walikuwamo vijana waliohifadhi juzuu nzima za Kurani chuoni na wasichana waliojua tenzi ndefu kwa moyo, na wao pia walivunjika katikati. Kijana mmoja alinieleza vizuri kuliko kitabu chochote. Alisema, "Mwalimu, kila sentensi inaniambia nishike mkono, nikishika hakuna mkono."

Ndivyo kilivyotengenezwa. Foote aliacha vyote vinavyounga hadithi mahali pake: basi, wakati huohuo, ili, kisha. Akaondoa sababu. Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna kiambishi kinachofanya kazi hiyo ya kuunga kwa herufi mbili. Akaingia, akakata, akaolewa, akafa: ukisikia -ka-, tayari akili imekwisha kukubali kwamba hili limetoka katika lile. Msimulizi anaweza kuruka siku tatu na bahari nzima kwa -ka- moja, na hakuna msikilizaji atakayelalamika. Foote aliijua imani hiyo ya msikilizaji, akaitumia mpaka ikakatika. Mtu anayehifadhi utenzi anashikwa mkono na vina na mizani. Anayehifadhi hadithi anashikwa mkono na sababu. Macklin alikuwa mwigizaji, na mwigizaji hukumbuka maneno yake kwa kujua mhusika anataka nini. Katika kisa hiki hakuna anayetaka kitu, isipokuwa yule mwanamke anayetaka jani la kabichi, na hata yeye halitumii.

Kwa hiyo sioni upuuzi pale. Naona mtu aliyefahamu kumbukumbu kuliko mhadhiri aliyekuwa anaifundisha.

Macklin alirudi jukwaani, akaishi miaka mingi ajabu. Shylock aliendelea kuwa wake hadi Mei 1789, alipopanda jukwaani mara ya mwisho, akaanza, na maneno yakamwacha. Aliwaomba radhi watazamaji, akaondoka, mwenzake akamalizia. Foote alikuwa amekwisha kufariki miaka 12 nyuma, huko Dover. Kila ninaposoma habari ya usiku ule huona kwamba hapakuwa na haja ya mtu yeyote kumtegea mtego. Umri ulifanya bila kalamu.

Kisa chenyewe kilipita midomoni muda mrefu kabla ya kupata kitabu. Maria Edgeworth, mwandishi wa Ireland, ndiye aliyekichapisha mwaka 1825 katika kitabu cha watoto, na akakiweka panapozungumziwa kumbukumbu. Mwaka 1885 Randolph Caldecott akakichora. Picha zake zinastahili kutazamwa polepole, maana yeye alifanya kinyume cha Foote: alirudisha sababu. Dubu anapewa uso, kinyozi anapewa mwendo, na Panjandrum anavaa joho na kofia bapa ya wasomi, kile kifungo kikiwa juu ya kofia. Mtoto anayefungua kurasa hizo haoni pengo lolote. Caldecott alifariki mwanzoni mwa 1886, na tuzo kubwa ya Marekani ya picha za vitabu vya watoto ina jina lake.

Neno likaenda mbali zaidi ya alipofika mtunzi. Panjandrum likawa jina la mkubwa anayejikweza. Kisha katika Vita Vikuu vya Pili, wahandisi wa jeshi la majini la Uingereza wakaipa silaha yao jina hilo: magurudumu mawili makubwa yaliyounganishwa na pipa la baruti, yakisukumwa na roketi zilizofungwa ukingoni, yapande ufuko na kulipua kuta za Wajerumani. Waliijaribu huko Devon, pwani ya Westward Ho!, mwaka 1943 na Januari 1944. Roketi zilichomoka, chombo kikapinda, kikawageukia waliokuja kukitazama. Mpango ukaachwa. Nimeona picha za jaribio hilo, na sijui silaha nyingine iliyotii jina lake kiasi hicho.

Sasa nije kwa Lewis Carroll, kwa kuwa bila yeye nusu ya jambo ingebaki gizani. Jina lake halisi lilikuwa Charles Lutwidge Dodgson, mwalimu wa hisabati Oxford. Mwaka 1855, akiwa kijana, aliandika kwa mkono katika jarida la nyumbani kwao ubeti mmoja wenye maneno yasiyokuwepo, akauwasilisha kana kwamba ni shairi la kale la Waingereza, na chini akaweka maelezo ya kila neno kama afanyavyo mhariri makini. Ubeti huo ulikaa miaka 16. Ulitoka katika kitabu chake cha pili kuhusu msichana Alisi mwishoni mwa 1871, ukiwa umekua na kuwa hadithi kamili: baba anamwonya mwana, mwana anachukua upanga, anangoja chini ya mti, mnyama anakuja, anauawa, kichwa kinaletwa nyumbani, baba anafurahi.

Hapo ndipo penye siri. Foote alichukua maneno ya jikoni akaondoa sababu, na hakuna anayeweza kukishika kisa chake. Carroll aliacha sababu zote mahali pake akaondoa maneno, na watoto wa Uingereza wanakihifadhi kisa chake bila kulazimishwa. Hujui mnyama ana sura gani, lakini unajua amekufa. Hujui msitu una nini ndani yake, lakini unajua unatisha. Hadithi ya baba, mwana na joka ni kongwe kiasi kwamba inatembea yenyewe hata ukiivua nguo zote.

Na maneno yakapata nyumba. Chortle, kicheko cha furaha ya yule baba, lilitungwa kwa kukutanisha maneno mawili ya Kiingereza, la kucheka na la kutoa pumzi kwa kishindo puani, na likaingia katika kamusi kubwa ya Oxford, ile iliyoanza kutoka kwa vipande mwaka 1884 na kukamilika 1928. Kamusi hiyo ilijengwa na wasomaji wa kujitolea walioandika kwenye vikaratasi kila neno walilolikuta na sentensi lilimokaa, wakavituma kwa mhariri James Murray. Neno lililozaliwa kwa mchezo lilipangwa sanduku moja na maneno ya mahakimu. Thomas Wilson, aliyeyakusanya maneno ili yachekwe, asingeamini.

Kwetu pwani hatukungoja Carroll atufundishe. Paukwa, pakawa: hakuna mtoto aliyewahi kuuliza maana yake kabla ya kuitika, na hadithi haianzi mpaka aitike. Nilipokuwa mdogo tulizungumza kinyume, silabi za mwisho zikitangulia, watu wazima wakapita bila kuelewa, na tulijiona tumejenga mji wetu. Alisi mwenyewe alikuja katika Kiswahili mapema. *Elisi Katika Nchi ya Ajabu* ilichapishwa London mwaka 1940, na mwaka 2015 ikatoka tafsiri nyingine ya Ida Hadjivayanis. Nawashauri walimu waziweke zote mbili mbele ya darasa, kwa kuwa wanafunzi huanza wenyewe kubishana ni ipi inayocheza vizuri.

Zoezi nililolipenda lilitokana na Foote na Carroll kwa pamoja. Niliwapa wanafunzi maneno ambayo hawakuyajua, nikawakataza kufungua kamusi, nikawataka watunge kisa ambacho msomaji ataelewa kila tukio. Tulianza na maneno ya Cockeram. Baadaye nikaona kwamba hazina kama hiyo ipo karibu zaidi, katika maneno ya vyombo vya baharini ambayo babu zao waliyatumia kila siku na wao hawakuyasikia hata mara moja: foromali, ngama, amari, hanamu. Kiswahili chao kilikuwa safi, bandari iko mwendo mfupi kutoka darasani, na maneno hayo yalikuwa mageni kwao kama obtestate.

Msichana mmoja alimfanya Foromali kuwa mfalme mrefu asiyeweza kuinama, na Ngama malkia wake anayeishi chini ya sakafu, analia kila usiku, na watumishi wanapanda na kushuka kumtolea machozi kwa ndoo. Kisa kilikuwa na sababu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mfalme hainami, kwa hiyo hamwoni malkia; hamwoni, kwa hiyo malkia analia; analia, kwa hiyo nyumba itazama.

Alimsomea ukurasa huo babu yake, nahodha mstaafu. Kesho yake mzee alikuja shuleni amevaa kanzu na koti, akaomba kuonana nami. Alinieleza kwamba foromali ni ule mti wa juu unaoshika tanga, na kwamba ngama ni pale chini kabisa ya chombo maji yanapojikusanya, ambapo baharia hukesha akiyafua kwa ndoo. Alitaka kujua ni nani aliyemwambia mjukuu wake. Nilimjibu kwamba hakuna, amebuni kutokana na sauti ya maneno. Mzee akaomba kiti. Akakaa na darasa hadi kengele, akawatajia sehemu za jahazi kutoka omo hadi shetri, na kabla ya kuondoka akamwagiza mjukuu wake atunge kisa kingine, safari hii amtie Hanamu, na asimuue.